Jinsi Ushauri wa Kigamboni Ulivyounguza Nyanya za Njombe

Katika bustani yangu ya Kibada, Kigamboni, adui wa mche wa nyanya ni jua. Udongo wetu ni mchanga usioshika maji, na kati ya Desemba na Machi, joto la mchana linapofika nyuzi 32 na kuzidi, mche uliohamishwa asubuhi kutoka kitaluni huwa umelala chini kabla ya adhuhuri iwapo haukuwekewa kivuli. Baada ya kupoteza miche mingi kwa namna hiyo, nilijifunza kutandaza nyasi kavu kuzunguka kila shina kwa unene wa kiganja, kujenga kichanja cha makuti juu ya tuta, na kumwagilia kwa kiasi ili miche isipatwe na kinyausi, ule ugonjwa unaolikata shina usawa wa ardhi kana kwamba limefungwa uzi. Mambo hayo matatu yalinipa nyanya nzuri misimu minne mfululizo, nami nikaanza kujiona fundi. Majirani walikuja kuomba miche na ushauri, na nakiri kwamba ushauri niliutoa kwa ukarimu zaidi kuliko miche.

Kwa hiyo shangazi yangu, ambaye anaishi katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Njombe, aliponipigia simu mwezi wa Juni mwaka juzi, hakunikuta na shaka yoyote. Alikuwa na miche ya nyanya aina ya Tanya ipatayo mia mbili aliyoikuza kando ya ukuta wa jiko, naye alitaka kuihamishia shambani mwanzoni mwa Julai, wakati wenzake wengi wanasubiri Septemba. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Nyanya huhitaji takribani miezi mitatu tangu kuhamishwa hadi kuchumwa, na penye baridi huchukua muda mrefu zaidi, hivyo anayetangulia kupanda hutangulia pia kuuza, kabla soko halijajaa. Alichouliza ni namna ya kuilinda tu. Nilimwambia aipande chini kabisa bondeni, kwenye bustani yake ya kinyungu iliyo kando ya kijito, ili asichoke kubeba maji. Atandaze nyasi nene. Na asimwagilie sana. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akafanya vile vile nilivyosema.

Katikati ya Julai alinipigia tena, saa moja asubuhi. Nilimwamkia, akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, nyanya zimeungua." Nilimwuliza ni nani aliyewasha moto, kwa maana najua kwamba kiangazi ni wakati wa watu kuchoma nyasi na kwamba moto wa namna hiyo mara nyingi huvuka mpaka wa shamba. Akanyamaza kidogo. "Si moto," akasema. "Ni baridi."

Picha alizonitumia mjukuu wake baadaye zilinionyesha kwamba alitumia neno linalofaa kabisa. Majani yalikuwa yamelegea na kugeuka rangi ya kijani iliyoiva hadi kuwa nyeusi, yakiwa na majimaji ndani yake, kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Kufikia jioni ya siku ile yalikuwa yamekauka na kusinyaa. Katika miche mia mbili, iliyobaki na uhai ilikuwa pungufu ya thelathini, na yote hiyo ilikuwa kwenye matuta mawili ya juu ambako nyasi hazikutosha kutandazwa. Nilirudia kuitazama picha hiyo mara nyingi, kwa sababu ilikuwa ikinishtaki. Miche iliyopona ilikuwa ile ambayo ushauri wangu haukuifikia.

Kamusi zinakiita kitu hicho jalidi au sakitu. Shangazi yangu anaita barafu tu, na watu wengine husema umande umeganda, jambo ambalo kwa kweli ndilo linalotokea. Sisi tuliozaliwa pwani tunaona vigumu kuamini kwamba nchi iliyo karibu na ikweta inaweza kuwa na asubuhi ambayo majani ni meupe na yanavunjika chini ya miguu. Lakini hesabu yake haina siri. Usiku wa Julai hapa Dar es Salaam, wakati wa kipupwe, joto hushuka hadi nyuzi 19 hivi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6 katika kila mita 1,000 unazopanda. Ukiondoa nyuzi 12 katika 19, unabaki na 7. Nyuzi 7 haziui mche wa nyanya, ingawa zinaudumaza, kwa kuwa chini ya nyuzi 10 mmea huo huwa haukui kwa namna ya kuridhisha. Swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kufungua mdomo ni hili: nyuzi 7 zilizosalia huibwa na nani kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi?

Mwizi wa kwanza ni anga. Kila kitu chenye joto, jani au udongo au bati la paa, hutoa joto hilo kuelekea juu usiku kucha. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini, na ndiyo maana usiku wa mawingu huwa na uvuguvugu. Anga likiwa wazi, joto huenda moja kwa moja na halirudi. Hewa ikiwa kavu, kama ilivyo katika nyanda za juu kuanzia Juni hadi Agosti, upotevu huwa mkubwa zaidi, na upepo ukitulia hakuna kinachochanganya hewa ya chini iliyopoa na ile ya juu ambayo bado ina joto kidogo. Matokeo yake ni kwamba jani huwa la baridi kuliko hewa inayolizunguka. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi. Kinaposoma nyuzi 4 usiku wa namna hiyo, jani la mche lililo sentimita kumi kutoka ardhini linaweza kuwa tayari limefika sifuri. Kwa hiyo shangazi alikuwa na haki ya kulalamika kwamba redio ilitangaza nyuzi 4 na yeye akaamka kwenye barafu. Redio haikukosea, bali ilikuwa ikizungumzia mahali pengine, juu kidogo ya nyanya zake.

Mwizi wa pili ni bonde. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo huteremka mlimani polepole kama maji na kukusanyika mahali pa chini kabisa. Vinyungu, yaani zile bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa na Njombe hulima wakati wa kiangazi kwa sababu udongo wake una unyevu, ndipo hasa bwawa hilo la baridi linapojaa. Mimi nilimpeleka huko shangazi yangu kwa kuwa nilifikiria ndoo za maji peke yake. Ubaya ukaongezwa na ua wa miti iliyobanana upande wa chini wa kinyungu chake, uliopandwa zamani kuzuia ng'ombe, ambao uliifungia baridi ndani kama tuta la majaruba linavyofungia maji ya mpunga.

Kosa la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu lilikuwa jambo nililojivunia: nyasi. Hapa Kigamboni matandazo ni rafiki wa mkulima. Yanazuia jua lisiufikie udongo, unyevu unabaki, na mizizi inapumzika. Lakini udongo wa Njombe mwezi wa Julai ni kama jiwe la kuotea joto: mchana hupokea jua, na usiku hulirudisha joto hilo polepole kwa hewa na majani yaliyo juu yake. Ukiufunika kwa nyasi nene, mchana jua haliuingii, na usiku joto kidogo lililomo haliwezi kutoka. Mche unabaki umekalia godoro, huku mkaa wote ukiwa chini ya godoro. Na kwa vile nilimkataza kumwagilia sana, udongo wenyewe ulikuwa mkavu na wenye hewa nyingi, nao udongo wa namna hiyo hauhifadhi joto wala haulipitishi vizuri kama udongo ulioloa kwa kiasi. Nilikuwa nimeyazuia majani yasipate joto la ardhi kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Nilichukua likizo ya wiki mbili na kupanda basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, alfajiri. Safari ni ya takribani kilomita 700, na ukishapita Kitonga na kuingia Iringa unaanza kutafuta sweta. Nilibeba vipimajoto viwili vya bei nafuu nilivyonunua Kariakoo, mashuka manne kuukuu, na aibu. Shangazi alinipokea bila neno la lawama, jambo ambalo ni zito kuliko lawama, akanikabidhi blanketi mbili na kunionyesha bustani ya jirani yake, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye nyanya zake zilikuwa zimesimama wima.

Bustani ya mzee yule ilikuwa katikati ya mteremko, si bondeni wala kileleni. Upande wa juu palikuwa na safu ya mianzi iliyobanana, ile ile anayogemea ulanzi wakati wa masika, ambayo huielekeza pembeni hewa ya baridi inayoteremka. Upande wa chini palikuwa wazi kabisa, ili ile inayopenya ipate njia ya kutokea. Matuta yalikuwa matupu, udongo umeshindiliwa kidogo na umeloa. Juu ya kila mche palikuwa na tenga la mianzi lililofunikwa chini juu, na mengine yalikuwa yametoboka kiasi kwamba nilishangaa yanasaidia nini. Nilimwuliza nani alimfundisha, akasema alifundishwa na nyanya zilizokufa.

Kwa siku zilizofuata tulifanya kazi kwenye miche mipya sitini ambayo shangazi alikuwa ameibakiza kitaluni kwa tahadhari, tahadhari ambayo hakuniambia. Tuliipanda nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini wa ukuta wa matofali. Katika nusu hii ya dunia jua la Julai hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo hupigwa na jua karibu siku nzima na kuendelea kutoa joto hilo baada ya giza kuingia. Tuliipanda kwa kina, tukifukia shina hadi chini kidogo ya majani ya kwanza, kwa kuwa shina la nyanya huota mizizi popote linapogusana na udongo, na sehemu iliyozikwa ina macho ambayo yanaweza kuchipua hata kama juu kutaharibika. Nyasi zote tuliziondoa.

Umwagiliaji nao tulibadilisha saa yake. Nyumbani humwagilia jioni, jua likishapoa. Kule tulimwagilia asubuhi ya saa tatu, ili udongo upate mchana mzima wa kunyonya jua ukiwa umeloa. Hakuna haja ya kufanya tope. Joto la mchana husafiri ndani ya udongo kiasi cha sentimita 30 tu kwenda chini na kurudi, kwa hiyo inatosha kuilowesha sehemu hiyo siku moja kabla ya usiku unaouogopa. Usiku wa tatu niliweka kipimajoto kimoja juu ya udongo mtupu ulioloa na kingine juu ya nyasi tulizozikusanya kando, hatua chache tu kati yao, vyote viwili vikitazamana na anga. Alfajiri kile cha kwenye nyasi kilikuwa karibu nyuzi mbili chini ya mwenzake, na nyasi zenyewe zilikuwa na unga mweupe. Nilimwita shangazi aje aone. Alitazama, akasema kwamba yeye tangu mwanzo alijua nyasi ndizo zinazokuwa nyeupe kwanza, ila aliona aibu kumbishia mtu aliyesoma.

Kufunika ni jambo ambalo kila mtu hulifikiria kwanza, na ambalo wengi hulikosea. Mimi nilidhani kwamba nguo huukinga mche na baridi jinsi sweta linavyomkinga mtu. Lakini mtu ana moto wake mwilini; mche hauna. Kifuniko kinachofanya kazi ni kile kinacholinasa joto linalopanda kutoka ardhini na kulizuia lisikimbilie angani, kwa hiyo ni lazima kingo zake ziguse ardhi pande zote na zikandamizwe kwa mawe au udongo. Shuka lililofungwa shingoni mwa mche kama mfuko, likiacha ardhi nje, halina maana yoyote. Tulisimika vijiti vya mianzi vilivyopinda kama matao kila baada ya nusu mita, tukatandika mashuka juu yake, na palipokosa shuka tukaweka matenga yaliyofunikwa magunia. Kifuniko cha nguo nyepesi hukupa nyuzi mbili hivi za ziada, pengine tatu ukiongeza blanketi. Ni kidogo, lakini mara nyingi umbali kati ya nyanya hai na nyanya mfu ni huo huo.

Saa ya kufunika nayo ina uzito. Tulikuwa tukifunika saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linagusa matuta, kwa sababu anayesubiri hadi ahisi baridi anafunika baridi ndani. Asubuhi tulifunua mara tu jua lilipopata nguvu, kwenye saa mbili na nusu, ili udongo upokee joto la siku mpya na majani yakauke. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya mapambazuko yenyewe, kwani joto huendelea kushuka hadi muda mfupi baada ya jua kuchomoza, wakati ambapo mtu asiyejua hujidanganya kwamba usiku umekwisha salama na kufunua mapema.

Plastiki inahitaji maelezo yake. Shangazi alikuwa na kipande cha nailoni ya kuanikia mahindi, nasi tuliijaribu kwenye tuta moja. Inakinga upepo na inabana unyevu, lakini haina nguvu kubwa ya kuzuia joto lisitoroke, na jani linaloigusa huganda papo hapo, kwa sababu upande wa nje wa nailoni umeshakuwa wa baridi kama anga lenyewe. Mtu akiwa na plastiki tu, aitumie juu ya matao marefu yasiyoruhusu kugusana, na ikiwezekana aweke nguo ndani yake. Asisahau kuifunua asubuhi, la sivyo kufikia saa tano miche itapikwa na jua lile lile ililolikosa usiku. Chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa kitako zinafaa kwa miche midogo, kifuniko kikiondolewa mchana, na chupa nzima zilizojazwa maji na kulazwa kando ya mashina ndani ya kifuniko husaidia pia, kwa kuwa maji hushika joto jingi la mchana na kuliachia taratibu. Tulipanga kumi na mbili hivi upande mmoja wa tuta. Sitadai kwamba nilipima tofauti yake. Niliona tu kwamba miche iliyo karibu nazo haikupata doa.

Kuhusu moshi, najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji wa nyanda za juu. Watu wengi huwasha mioto ya nyasi mbichi usiku wa baridi wakiamini kwamba moshi utatanda juu ya shamba kama wingu. Wingu hulirudisha joto kwa sababu limeundwa kwa matone ya maji. Chembe za moshi ni ndogo mno kwa kazi hiyo, na joto la ardhi hupita katikati yake bila taabu. Kinachosaidia katika moto ni moto wenyewe, yaani joto lake, na mioto midogo mingi iliyotawanyika ni bora kuliko mmoja mkubwa ambao hewa yake ya joto hupaa moja kwa moja na kuvuta baridi kutoka pembeni. Kwa bustani ya miche sitini ni kuni nyingi na macho mekundu kwa faida ndogo.

Kunyunyizia maji usiku kucha ni njia inayotumiwa na wenye mashamba makubwa na mitambo, nayo inafanya kazi kwa sababu ya kushangaza: kila kilo moja ya maji inapoganda huachia kilojuli 334 za joto, na joto hilo huliweka jani kwenye sifuri na kulizuia lisishuke zaidi. Lakini ni lazima maji yaendelee kumwagika bila kukatika hadi barafu iyeyuke yenyewe. Yakikatika usiku wa manane, unyevu uliobaki huanza kuvukiza, na uvukizaji hunyonya joto zaidi ya mara saba ya lile ambalo kuganda kulikuwa kumeleta. Mwenye ndoo na kopo asithubutu.

Kuna wazo jingine ambalo ningependa lisiwape watu matumaini ya bure, nalo ni lile la kuizoeza miche. Ni kweli kwamba mche unaotolewa kitaluni polepole, ukipunguziwa maji na kuachwa nje saa chache zaidi kila siku kwa muda wa siku 7 hadi 10, huwa na shina gumu na huvumilia upepo na mshtuko wa kuhamishwa. Kabichi ikizoezwa hivyo hujifunza hata kustahimili barafu. Nyanya haijifunzi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika miili yake hamna njia ya kuzuia madhara ya maji kuganda: barafu huanza kati ya seli, huyavuta maji yaliyomo ndani yake, seli hunywea na utando wake huharibika, kisha jua likiyeyusha barafu jani halina tena kinachoshika maji. Kinachoweza kufanywa ni kutoifanya iwe dhaifu zaidi, na hapo ndipo ninapowashauri watu wapunguze yurea kabla ya majira ya baridi, kwa kuwa nitrojeni nyingi huleta majani laini yaliyojaa maji.

Kati ya usiku kumi na mbili niliolala kule, mitatu ilikuwa na jalidi. Tulijifunza kuitambua kabla ya chakula cha jioni: upepo unakufa ghafla jua linapozama, anga ni safi, nyota zinaonekana kuwa karibu, na moshi wa majiko ya kijijini, badala ya kupaa, unalala bondeni kama kitambaa kilichonyooshwa. Ule moshi uliolala ulikuwa ukituonyesha kwa macho mahali hasa ambapo hewa ya baridi ilikuwa ikikusanyika, na nilipoutazama nikiwa mlimani nilikiona kinyungu cha shangazi kimefunikwa hadi kwenye ule ua wa miti. Wiki ya pili tuliukata ua huo mahali pawili, upana wa hatua tatu kila mahali, kwa idhini ya mwenye ng'ombe.

Miche iliyoungua kabla sijafika shangazi alitaka kuing'oa yote. Mzee jirani alimsihi asubiri siku kumi. Ilikuwa busara, kwani mtu akikata matawi yaliyoharibika mapema huenda akakata na sehemu hai, na pia majani yaliyokauka huwa kinga kidogo kwa chipukizi usiku unaofuata. Miche kumi na moja ilichipua kutoka chini ya shina. Ilichelewa na ilikuwa na umbo baya, lakini ilizaa.

Nimerudi Kigamboni na kuziangalia nyanya zangu kwa macho mengine. Kwetu kipupwe ndio wakati wake mzuri, kwa sababu tatizo letu la usiku ni kinyume cha lao: usiku ukibaki juu ya nyuzi 24 na mchana ukizidi 32, maua hupukutika bila kushika tunda, nasi huwa tunalaumu mbolea. Nyasi zangu nimeziacha palepale zilipokuwa. Jirani mmoja aliponiomba ushauri juu ya shamba la mkwewe huko Lushoto, nilimwuliza kwanza kama lipo bondeni au mteremkoni, na hewa ya usiku hupitia wapi. Hakujua, akaenda kupiga simu.

Mwezi uliopita nilituma kwa basi mashuka sita ya zamani niliyoyakusanya kwa ndugu, pamoja na kipimajoto cha tatu. Shangazi alipiga simu kusema mzigo umefika, kwamba miche ya mwaka huu ni mia na hamsini na yote ipo mteremkoni, na kwamba shuka moja, lile la maua ya waridi, ameona ni zuri mno kwa nyanya, kwa hiyo amelitandika kitandani kwake na kumwekea mche wake tenga.